Bamba jembamba halikimbii, linainuka: jinsi ninavyolishika chini ya ruta

Herufi O ndiyo iliyonifunza kazi hii. Nilikuwa nakata maandishi ya kibao kwenye akriliki, ile plastiki ngumu kama kioo, ya milimita 3. Bamba nilikuwa nimelibana pembe zote nne, nami nimesimama pembeni nimejiridhisha. Herufi za mwanzo zilikwenda vizuri. Biti, kile chuma cha kukatia kinachofungwa kwenye ruta, ilipomaliza duara la ndani la O, kile kiini cha katikati kikabaki hakishikwi na chochote. Kikapanda na biti, kikageuka, kikakwama, halafu kikarushwa. Kilinipiga kifuani, juu ya aproni. Hakikunijeruhi, lakini O yenyewe ilikuwa imetafunwa upande mmoja kama sabuni iliyopitiwa na panya, na biti ilikuwa imekatika vipande viwili.

Vibano vyangu vinne vilikuwa vimekaza vilevile. Havikulegea hata kidogo. Kosa ni kwamba vilikuwa vinashika taka, yaani sehemu ya bamba inayobaki nje ya kazi, si kazi yenyewe.

(Ruta ninayoisema ni ile ya useremala, mota yenye biti inayozunguka kwa kasi, iwe ya kushikwa mkononi au ya kuongozwa na kompyuta. Ile ya intaneti ina mafundi wake.)

Tuliojifunzia kwenye mbao nene tuna ugonjwa mmoja: tunafikiri nguvu ya kuogopa ni ile ya kusukuma pembeni. Kwenye ubao wa milimita 18 ni kweli, ubao wenyewe ni mgumu, ukiubana kingo, katikati hapaendi popote. Sasa punguza unene. Ugumu wa bamba dhidi ya kupinda hupungua kwa unene mara tatu ukijizidisha wenyewe: ukikata unene nusu, ugumu unabaki moja ya nane. Kutoka milimita 18 hadi 3, kwa mali ileile, ugumu unashuka mara 216. Kwa hiyo plaiwudi ya milimita 3 iliyobanwa kingo ni kama ngozi ya ngoma. Biti nyingi zina mfereji unaopanda kama nyuzi za skrubu, unaotoa vumbi juu, na unapovuta vumbi unavuta na bamba pia. Katikati inapanda, inashuka, inapanda. Utasikia sauti kabla hujaona: mlio wa kawaida unageuka kuwa mtetemo mkavu, tatatata. Ukiusikia, simamisha. Usisubiri uone mwisho wake.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha najiuliza swali moja tu, na kijana ninayemfundisha amelichoka: sekunde ile ya mwisho, kipande kinapoachana na bamba, nani anakishika? Kama jibu ni "hakuna mtu", bado hujamaliza kujiandaa.

Anza na ubao wa kafara

Chini ya kazi yangu daima kuna kipande cha MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ninachokiita ubao wa kafara, kwa sababu kazi yake ni kukatwa badala ya meza. Wengi wanauweka na kuusahau. Lakini bamba jembamba linafuata umbo la kilicho chini yake. Ubao ukiwa na bonde, bamba litaning'inia juu ya bonde hilo na kutetemeka hapohapo, hata uligandishe vipi. Kwenye ruta ya kompyuta, napitisha biti pana juu ya ubao wote na kuondoa nusu milimita, uso uwe sambamba na mwendo wa mashine. Kisha sifuri ya urefu, yaani mahali mashine inapoanzia kuhesabu kina, naichukua juu ya ubao huo, si juu ya bamba. Sababu yake ni kwamba unene ulioandikwa hauaminiki. Plaiwudi inayoitwa ya milimita 3 ukiipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, mara nyingi inakosa sehemu kadhaa za milimita, na bamba hilohilo moja linaweza kutofautiana upande na upande. Ukipima kutoka chini, kina cha mwisho kinabaki kilekile popote, na unajua umeingia kwenye kafara kwa robo milimita, basi.

Tepu na supagluu, njia ninayoipenda kuliko zote

Chukua tepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi kuziba kingo. Bandika vipande vyake juu ya ubao wa kafara, ubavu kwa ubavu. Visipandiane, kwa sababu tepu mbili zikipandana zinaleta tuta, na bamba litapinda juu ya tuta. Bandika na mgongoni mwa bamba, mahali palepale patakapokutana. Sugua zote mbili kwa kadi ngumu mpaka mapovu yaishe. Tepu isiyosuguliwa imeshikwa nusu tu. Sasa tiririsha supagluu kwa mistari ya zigizaga juu ya tepu ya chini, geuza bamba, liweke, likandamize kwa uzito kwa nusu dakika hivi. Umepata tepu ya pande mbili isiyo na unene wa sponji, inayoshika uso mzima, na siku ya kuiondoa gundi haikugusa kazi wala ubao.

Kuna mambo mawili yanayoharibu njia hii. La kwanza ni vumbi. MDF iliyopigwa randa au biti punde tu imejaa unga, na tepu inashika unga badala ya ubao. Futa kwa kitambaa, au bora zaidi paka ubao vanishi mara moja, uache ukauke, na tepu itashika kama kupe. La pili ni joto. Gundi ya tepu inalainika ikipata moto, na biti butu au biti inayotambaa polepole kwenye plastiki ni pasi. Nimewahi kuona kipande kilichoshika vizuri kwa dakika kumi kinaanza kuteleza kwenye mzunguko wa mwisho kwa sababu hiyo tu.

Kumbuka pia kwamba tepu mbili na gundi zinaliinua bamba karibu robo milimita. Kama sifuri yako iko juu ya ubao wa kafara, hapa kata hadi sifuri tu: biti itamaliza bamba na kuishia kwenye tepu, na hicho ndicho unachotaka. Utando wa gundi utakaoganda kwenye biti ufute kwa kitambaa chenye spiriti, mashine ikiwa imezimwa na biti imetolewa.

Tepu ya pande mbili ya dukani nayo inafaa, lakini chagua nyembamba. Ile yenye sponji katikati iache: inashika sana lakini inabonyea, na kitu kinachobonyea kinaruhusu kutetemeka. Kwa sababu hiyohiyo siweki mikeka ya mpira chini ya bamba jembamba. Kwenye ubao mnene mkeka ni mzuri. Hapa ni godoro.

Kutoa kipande: ingiza skrepa, ile ya kukwangulia, pembeni, isukume taratibu ikiwa imelala, usiikweze. Kwa akriliki vuta polepole na kwa upole, kwani inapasuka ukiipinda ghafla. Kikikataa, dondoshea spiriti kidogo kwenye ukingo ukiwa kwenye mbao au alumini, subiri, ujaribu tena. Kwenye akriliki spiriti siitumii, inaweza kuacha nyufa nyembamba kwenye kingo zilizokatwa.

Vishikizo na utando

Kama hutaki gundi, acha bamba lijishike lenyewe. Kwenye programu nyingi za ruta ya kompyuta unaweza kuiambia biti ipande kidogo mahali fulani ukingoni, iache daraja dogo linalounganisha kipande na taka. Mimi nayaita vishikizo. Kwa plaiwudi ya milimita 3 naacha vishikizo vya upana wa milimita 5 na unene wa milimita 0.8, vitatu au vinne kwa kipande cha kiganja. Siviweki kwenye kona wala kwenye mkunjo, kwa sababu huko kuvisafisha ni kazi. Viweke kwenye mstari ulionyooka.

Halafu angalia nyuzi. Kishikizo kinabaki chini, kwa hiyo kinatengenezwa na tabaka la mwisho la plaiwudi. Nyuzi za tabaka hilo zikivuka kutoka kwenye kipande kwenda kwenye taka, kishikizo ni imara, lakini ukikivunja kwa mkono kitang'oa ukanda wa mbao kwenye kazi yako. Zikienda sambamba na ukingo, kishikizo ni dhaifu na kinaweza kupasuka kabla ya wakati. Ninachofanya: naviweka pale nyuzi zinapovuka, kisha navikata kwa kisu kikali kutoka mgongoni, sivivunji kamwe. Dakika moja ya kisu inakuokolea robo saa ya msasa.

Utando ni ndugu yake. Badala ya madaraja machache, kata kote lakini usimalize: acha milimita 0.3 chini, vipande vyote, bamba zima. Kisha rudi mzunguko wa mwisho uondoe utando huo. Biti haina tena mzigo wa kukata, nguvu yake ni ndogo mno kurusha kitu. Lakini hapa ndipo ubao wa kafara usiosawazishwa unakuumbua. Uso ukitofautiana milimita 0.4, utando wako wa 0.3 haupo upande mmoja, na upande wa pili ni mnene kuliko ulivyopanga.

Nikiwa na vipande vingi natumia vyote viwili, pamoja na tepu. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kazi yake imeshikwa mno.

Skrubu, kwa taka tu

Skrubu ni nzuri kushika fremu ya nje na maeneo ya taka katikati ya vipande. Usiishie kwenye kingo. Sogea ndani, piga kila penye nafasi. Toboa kwanza. Skrubu ikiingia kwenye MDF bila tundu inavimbisha uso kuzunguka shimo, kijilima kidogo kinachoinua bamba pale pale ulipotaka likae chini. Toboa, kisha pitisha biti ya kupanua mdomo wa tundu kwenye ubao wa kafara. Chini ya kichwa weka washa pana, kile kipete bapa cha chuma, maana kichwa kidogo kinazama kwenye bamba jembamba na kulikunja. Na kabla ya kuwasha, hakikisha urefu wa usalama, ule ambao biti husafiria ikiwa haikati, uko juu ya vichwa vyote. Wapo wanaotumia skrubu za plastiki ili siku biti ikikosea njia ikate plastiki, isigonge chuma. Sioni ubaya.

Vibano vya pembeni vinavyosukuma bamba kutoka upande huu na huu sivitaki kabisa kwenye kitu chembamba. Sukuma kadi ya simu kutoka pande mbili kwa vidole uone inafanya nini. Ukilazimika kubana kingo, lalisha ubao mrefu juu ya ukingo, ubane ubao huo, ili shinikizo lienee.

Meza ya kunyonya hewa

Wenye meza ya kunyonya wanafikiri wameokoka. Inafaa sana, lakini piga hesabu. Hewa inayotuzunguka inakandamiza karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Ukifanikiwa kuondoa nusu ya hewa chini ya bamba, unapata nusu kilo. Bamba la sentimita 60 kwa 60 lina sentimita za mraba 3,600, yaani kilo 1,800 zinazolikandamiza. Hakuna biti italihamisha. Kipande cha sentimita 3 kwa 3 kina sentimita 9 tu, kilo nne na nusu, na kinachozuia kisisukumwe pembeni ni msuguano, ambao ni sehemu tu ya hizo kilo. Tena, kila mfereji uliokwisha katwa ni mlango mpya wa hewa kuingia. Kwa hiyo meza inashika vizuri mwanzoni na vibaya mwishoni, kinyume kabisa cha unachohitaji. Kata vipande vidogo kwanza, bamba likiwa bado zima, kisha vikubwa. Na vidogo sana viachie utando hata kama una pampu kubwa.

MDF inapitisha hewa, ndiyo maana inatumika juu ya meza hizi, lakini nyuso zake za kiwandani zimeshindiliwa zaidi na hazipitishi hewa vizuri. Zipunguze kidogo pande zote mbili, ziba kingo zake nne kwa vanishi au tepu, na funika kwa nailoni sehemu ya meza isiyo na kazi. Ukitumia kifyonza vumbi cha kawaida badala ya pampu, jihadhari: baadhi yake hupoza mota kwa hewa ileile inayovuta, na ukiziba njia mota inaungua. Acha tundu dogo la kupumua.

Biti nayo ni kishikio

Hili watu hawalitarajii. Biti ya mfereji unaoshuka inasukuma bamba chini badala ya kulivuta, na kwenye plaiwudi nyembamba ndiyo ninayotumia siku zote. Kasoro yake ni kushindilia vumbi ndani ya mkato, ila mkato wa milimita 3 ni wa kina kidogo, vumbi halina pa kujaa sana. Kwenye akriliki mambo ni tofauti: vumbi likishindiliwa linayeyuka na kuungana tena nyuma ya biti, unamaliza kukata na kipande hakijakatika. Huko natumia biti ya jino moja inayotoa vumbi juu, kwa hiyo kushika kwangu kunapaswa kuwa kwa tepu nzima, si kwa vibano.

Biti nyembamba inavuta kidogo kuliko nene. Sioni sababu ya kukata milimita 3 kwa biti ya milimita 6 wakati ya 2 au 3 ipo. Na isiguse kazi kwa kuzama wima kama msumari, maana hapo ndipo inapoinua. Iingie kwa mteremko, ikishuka huku inasonga.

Mwendo pia. Jino moja likizunguka mara 18,000 kwa dakika, na mashine ikasonga milimita 1,800 kwa dakika, kila mzunguko unakata milimita 0.1. Hilo ni chenga safi. Ukipunguza mwendo hadi 400 kwa hofu, jino halikati tena, linasugua. Kusugua ni joto, na joto tumeshaona linafanya nini kwa tepu.

Ukiwa na ruta ya mkononi

Una bahati moja ambayo mwenye kompyuta hana: kitako cha ruta kinakandamiza bamba kando ya biti yenyewe, mahali hasa panapohitaji. Usiipoteze bahati hiyo kwa kufanya kazi kwenye kipande kidogo kuliko kitako. Zungushia vipande vya taka vya unene uleule ili mashine isiyumbe na kulala upande. Nenda kinyume cha mwendo wa saa unapokata nje ya umbo, na kwa mwendo wa saa ndani ya tundu. Ukigeuza, biti inapanda juu ya kazi na kukimbia na mikono yako.

Kwa vinia, zile mbao nyembamba kama karatasi, au ukitaka nakala nyingi, tengeneza sandwichi: ubao chini, vinia katikati, ubao mwingine juu, skrubu pembeni kwenye taka, kata vyote pamoja. Vinia haina pa kuinukia wala pa kuchanikia.

Kwa mashine yoyote, vidole havishiki kitu karibu na biti. Mabaki yanayocheza sukuma kwa kijiti, au bora uzime kwanza. Miwani vaa hata kwa kukata herufi moja.

Imebaki ile nukta ya herufi i, ambayo ni ndogo kuliko kila kitu nilichokitaja. Hiyo siikati hadi mwisho hata siku moja. Naikata mpaka ubaki utando wa milimita 0.3, natoa bamba lote likiwa zima, naligeuza kifudifudi, na kusugua mgongo kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao bapa. Utando unazidi kuwa mwembamba mpaka unapitisha mwanga, kisha nukta zinaanza kudondoka zenyewe mezani, moja moja, zikiwa na kingo safi.